Weusi wa Picha: Filamu, Projekta za Kidijiti na Kuta za Nuru

Katika karne ya 19 mji wa Tabora ulikuwa njia panda ya misafara. Watu walifika hapo kutoka Bagamoyo, kisha wakagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe au Katanga. David Livingstone alikaa Kwihara, jirani na mji huo, mwaka 1872. Miaka 18 kabla ya hapo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikuwa amemwonyesha Chifu Shinte na watu wake picha za Biblia kwa taa, lenzi na vipande vya kioo. Kanuni ya chombo kile ndiyo iliyotumika baadaye katika magari ya sinema, na kwa sehemu kubwa ndiyo itumikayo katika projekta za leo: taa kali nyuma, picha ndogo katikati, lenzi mbele.

Magari ya sinema yalianza mapema katika nchi hizi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za milimita 16 na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Sauti ilitoka katika sahani za santuri.

Ukanda wa filamu haupiti mbele ya taa kwa mfululizo kama watu wengi wadhanivyo. Ukucha mdogo huuvuta fremu moja, ukasimama, kisha ukavutwa tena, mara 24 kwa sekunde. Wakati wa kuvutwa, kilango kinachozunguka huziba nuru. Na fremu ikiwa imesimama kilango huziba tena mara moja au mbili, ili jicho lipate mimweko 48 au 72 na lisione kupepesa. Hivyo sehemu kubwa ya muda watazamaji huwa wamekaa gizani bila kujua. Ukanda ukikwama, joto la taa huiyeyusha fremu, na doa la kahawia hutanda juu ya kiwambo mbele ya macho ya wote.

Projekta ya kidijiti haina ukanda. Katika aina moja iliyoenea, ambayo chipu yake ilibuniwa na Larry Hornbeck huko Marekani mwaka 1987, mahali pa fremu pamewekwa mamilioni ya vioo vidogo sana, kila kimoja kikiwa na upana wa mikromita chache. Kioo kikiinama upande mmoja hupeleka nuru kwenye lenzi; kikiinama upande wa pili huitupa kando. Kwa kuinama maelfu ya mara katika sekunde moja, kioo hicho hutoa ngazi zote za kijivu zilizo kati ya mwanga na giza.

Wauzaji hupenda kutaja idadi ya nukta. Majumba ya sinema hutumia nukta 2,048 kwa upana, au 4,096. Lakini kiwambo chenye upana wa mita 4 kikigawanywa kwa 2,048, kila nukta huwa na milimita 2 hivi, na jicho zima la binadamu, likiwa umbali wa mita 10, haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko milimita 3 hivi. Kwa ukumbi wa shule, basi, nukta za ziada ni fedha iliyopotea.

Jambo lenye uzito zaidi ni weusi. Hakuna projekta iwezayo kurusha weusi, iwe ya filamu au ya kidijiti. Mahali ambapo picha ina kivuli, kiwambo hubaki na rangi yake yenyewe, nayo ni nyeupe, kikimulikwa na nuru yoyote iliyopo. Ichukuliwe projekta ya lumeni 3,000 mbele ya kiwambo cha mita mraba 24. Kila mita mraba hupata laksi 125, na sehemu nyeupe ya picha huwa na mng'ao wa kandela 40 hivi kwa mita mraba, karibu na 48 zinazotakiwa katika majumba ya sinema. Katika uwanja wa wazi usiku wa mbalamwezi, nuru ya mwezi haifiki nusu laksi. Mwanga wa picha huzidi giza lake mara 250 au zaidi, na picha ni nzuri. Katika darasa lenye laksi 50 zinazoingia madirishani, uwiano huo hushuka hadi 3 na nusu kwa moja tu. Ramani hapo haisomeki, na kosa si la mashine. Projekta ya zamani ya milimita 16, yenye lumeni mia chache, ilionekana nzuri kwa sababu ilitumiwa penye giza la kweli, mbali na taa za umeme. Wazee wanaosifu picha za zamani kwa hakika wanausifu usiku.

Ukuta wa diodi hufuata njia nyingine. Hapo hakuna nuru inayorushwa: kila nukta hujiwakia yenyewe, na penye kivuli huzimika, na uso wake umepakwa weusi. Tangu mwaka 2017 kuta za namna hii zimekubaliwa kwa majumba ya sinema. Ukuta wa matangazo wenye kandela 5,000 huonekana hata chini ya jua la adhuhuri lenye laksi 100,000. Lakini hula mamia ya wati kwa kila mita mraba, gharama ambayo kijiji kinachotegemea paneli moja ya jua hakiwezi kuibeba. Shule yenye mapazia mazito na projekta ya kawaida imepata karibu faida ile ile kwa bei ya kitambaa.

Limebaki suala la kuhifadhi, nalo halingoji. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na filamu za umri huo zimekaribia miaka 60. Utando wake wa asetati, ukikaa katika nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, huanza kuoza baada ya miaka 40 au 50; kila nyuzi 5 hivi za joto zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Dalili ya kwanza ni harufu ya siki, na asidi hiyo hiyo huharakisha uozo. Pwani yenye joto na unyevu ni mahali pabaya zaidi kuliko Tabora, mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na wenye kiangazi kikavu.

Nakala ya kidijiti haififii, na ya elfu ni sawa na ya kwanza. Hata hivyo, inataka kuhamishwa kila baada ya miaka michache kwenda katika chombo kipya, na anayesahau mara moja hupoteza yote kwa pamoja. Filamu iliyochakaa bado husomeka kwa dirisha na kioo cha kukuzia. Kwa hiyo kopo linaponuka siki, hutengwa na mengine kwanza, hunakiliwa kabla ya yaliyo mazima, na ukanda wenyewe hurudishwa mahali pa baridi badala ya kutupwa.