Mwanga wa Leza na Alama Nyekundu za Kuzaliwa

Mtoto wa Msanzi anapoonekana na baka jekundu usoni, swali la kwanza ni hili: je, lilikuwapo tangu kuzaliwa? Hemanjioma huonekana wiki chache baadaye, hukua haraka kwa miezi kadhaa, kisha hunywea polepole kwa miaka. Baka la mishipa midogo iliyopanuka huwapo tangu kuzaliwa, hukua kwa kadiri ya mwili, wala halifutiki lenyewe.

Baka hili ndilo hasa hutibiwa kwa leza. Mwanga wa nanomita 585 hadi 595 hufyonzwa na himoglobini. Damu hupata joto na mshipa huziba. Kanuni hiyo ilielezwa mwaka 1983 na Anderson na Parrish wa Marekani. Hata hivyo, melanini nayo hufyonza mwanga huo. Kwa hiyo ngozi nyeusi huweza kuungua au kubaki na madoa. Nguvu ya mwanga hupunguzwa na ngozi hupozwa.

Hemanjioma inayotishia jicho au pumzi isisubiri leza. Tangu manufaa yake yalipotangazwa Ufaransa mwaka 2008, propranololi ya kunywa imekuwa tiba ya kwanza. Hutolewa na daktari baada ya kupima moyo, na mtoto hunyonyeshwa kwanza ili sukari isishuke.

Baka la paji la uso au kope huhitaji uchunguzi wa presha ya macho na kifafa. Mhudumu wa zahanati aandike ukubwa wa baka na kutoa rufaa mapema kwenda Sumbawanga. Kulichanja au kulichoma nyumbani huacha kovu.