Uteuzi wa Mbegu za Maboga Makubwa

Katika maonyesho ya kilimo ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, maboga hushindanishwa kwa uzito. Mwaka 1904 boga la William Warnock, mkulima wa Kanada, lilipimwa mjini St. Louis, Marekani, likapata ratili 403, yaani kilo 183 hivi. Rekodi hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1981 Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada, alipata boga la kilo 224 hivi. Mwaka 2025 boga la ndugu mapacha wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, lilifikia kilo 1,278.8, karibu mara saba ya lile la 1904. Samadi, maji na utunzaji vimechangia sana maendeleo hayo, lakini bila mbegu zilizoteuliwa kizazi baada ya kizazi visingefika mbali. Je, mkulima aitambueje mbegu bora kabla ya kuipanda?

Asili ya maboga hayo

Maboga hayo ni ya spishi iitwayo Cucurbita maxima, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Dill alianza na maboga ya jamii ya Mammoth, akayachavusha na kuyachagua kwa miaka mingi hata akapata aina ya Atlantic Giant. Karibu maboga yote yanayoshindana leo ni uzao wa aina hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 na wataalamu wa Marekani ulionyesha kwamba majani ya maboga makubwa hayatengenezi chakula kwa kasi kuliko majani ya maboga madogo. Yaliyozidi ni mishipa inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani hadi kwenye tunda. Hivyo, mkulima aliyechagua uzito alikuwa akichagua pia, bila kujua, wingi wa mishipa hiyo.

Boga ni mwili wa mama

Mmea wa boga huzaa maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Chavua ya ua la kiume ikifika kwenye ua la kike, tunda huanza kukua. Lakini nyama na ganda la tunda hilo hutokana na mmea mama peke yake. Urithi wa baba umo ndani ya mbegu tu, nao hauonekani mpaka mbegu hizo zipandwe msimu unaofuata. Kwa hiyo boga zito ni ushahidi juu ya mama yake, wala halisemi lolote juu ya baba aliyetoa chavua.

Wakulima wa maboga hayo huziita mbegu kwa uzito wa boga zilimotoka, jina la mkulima na mwaka. Mbegu iitwayo "2009 Wallace 2012" ilitoka katika boga la Ron Wallace wa Marekani, lililopata ratili 2,009 mwaka 2012, la kwanza kuvuka ratili 2,000. Jina la namna hiyo linafaa kwa utambulisho, lakini halitoshi kuwa kipimo cha ubora.

Kwa nini uzito pekee hautoshi

Kwanza, uzito wa boga ni jumla ya mambo mawili: urithi na mazingira. Boga lililolelewa katika udongo wenye rutuba nyingi laweza kulizidi boga lenye urithi bora lililokosa maji. Mbegu hurithi jeni, hairithi samadi.

Pili, ukubwa hautawaliwi na jeni moja, bali na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo. Spishi hii ina kromosomu 40, yaani jozi 20, na kila mbegu hupewa nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mbegu za boga moja ni kama ndugu wa nyumba moja: wanafanana, lakini hawalingani.

Kupima kwa watoto

Ushahidi ulio imara zaidi hutoka kwa uzao. Kwa mfano, mbegu za boga la kilo 1,000 zimepandwa katika mashamba matano yenye hali sawa, zikatoa maboga ya kilo 520, 560, 600, 540 na 980. Mbegu za boga la kilo 800 zimetoa kilo 740, 760, 780, 720 na 800. Wastani wa kundi la kwanza ni kilo 640, na wa kundi la pili ni kilo 760. Anayetazama boga moja kubwa tu atachagua kundi la kwanza na kukosea. Ni lazima pia kuhesabu mimea iliyoshindwa, kwa maana mbegu iliyopandwa na watu wengi haikosi kutoa mshindi mmoja kwa bahati.

Hesabu hiyo haifanyiki na mtu mmoja. Mmea mmoja huhitaji mita za mraba 70 au zaidi, na mkulima wa kawaida hupanda michache tu kwa mwaka. Akikosea mbegu, amepoteza msimu mzima. Ndiyo sababu wakulima hao hubadilishana mbegu na kumbukumbu.

Sifa nyingine za kutazama

Boga hupimwa mzingo wake, kisha upana na urefu kwa kamba inayopita juu yake. Jumla ya vipimo hivyo hulinganishwa na jedwali linalokadiria uzito. Boga linalozidi makadirio huwa na nyama nene. Uimara nao ni muhimu, kwa kuwa boga laweza kuongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku, na likipasuka hadi uvunguni halikubaliwi mashindanoni.

Kujichavusha na kuchanganya

Mkulima akitaka kuimarisha sifa alizo nazo, huchavusha ua la kike kwa chavua ya mmea uleule. Akitaka kuunganisha sifa mbili, kama ukuaji wa haraka na nyama nene, huchanganya mimea miwili. Katika njia zote mbili maua hufungwa jioni kabla hayajafunguka, huchavushwa kwa mkono alfajiri, kisha ua la kike hufungwa tena. Nyuki akitangulia, baba wa mbegu hajulikani.

Kanuni hizi humfaa pia mkulima anayehifadhi mbegu za maboga ya chakula. Boga kubwa lililoota kando ya jaa huenda limebebwa na taka tu. Afadhali mbegu za mmea uliozaa vizuri kuliko wenzake katika udongo uleule, nazo zipimwe tena kwa watoto wake.