Miwani ya kupandia Margherita: namna ya kuichagua

Kabla ya kununua chochote, uliza kampuni unayopanda nayo: je, miwani ya theluji imo kwenye vifaa mnavyokodisha? Kama imo, omba uijaribu kabla ya siku ya kuondoka. Kama haimo, au haikukai, tafuta yako. Buti la kuazima unaweza kulivalia soksi mbili likakubali. Miwani isiyolingana na uso haina dawa.

Jua unakwenda kukutana na nini. Kasese mjini uko kwenye mita 900 na ushee. Kilele cha Margherita, huko Rwenzori, kiko mita 5,109. Miale ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huweza kuirudisha hadi asilimia 80. Inakupiga kutoka juu na kutoka chini. Wingu jembamba halizuii kitu cha maana, na Rwenzori ni mlima wa mawingu. Kwa hiyo miwani inabaki usoni hata pale usipoliona jua.

Shida ni kwamba huu pia ni mlima wa unyevu. Unapanda ukitoka jasho, hewa imejaa maji, kioo kinashika ukungu, unavua miwani. Macho yanaungua hapo hapo. Ndiyo maana nakushauri utafute kwanza miwani inayokaa vizuri na kupumua, halafu ndipo uanze kuchagua rangi ya lenzi.

Anza na uso. Shika miwani kwa mkono, iegemeze usoni bila kufunga mkanda. Sponji iguse ngozi pande zote: paji la uso, mashavuni, puani. Pitisha kidole kuzunguka ukingo. Ukikuta pengo, mwanga na upepo vitapita hapo hapo.

Angalia pua kwa makini zaidi. Miwani mingi ya theluji imetengenezwa kwa pua nyembamba zilizoinuka. Kama pua yako ni pana au mgongo wake uko chini, nyingi zitaacha uwazi chini ya macho. Tafuta ile yenye sponji nene zaidi sehemu ya puani. Viwanda kadhaa hutengeneza umbo hilo makusudi. Halafu vuta pumzi kwa nguvu kupitia puani. Ikikubana, iache. Kwenye mita 5,000 huna pumzi ya kupoteza.

Sasa vaa helmeti. Usinunue miwani bila kuijaribu na helmeti, kwa sababu barafuni hutavua helmeti. Ukingo wa juu wa miwani ukutane na ukingo wa helmeti bila kusukumwa kushuka puani. Mkanda uwe mrefu wa kutosha kuzunguka helmeti, na upande wake wa ndani uwe na mistari ya mpira ili usiteleze.

Kisha inamisha macho bila kuinamisha kichwa. Unaona vidole vya miguu yako? Vizuri. Fremu nene hukata sehemu ya chini ya macho, na hapo ndipo zilipo kramponi zako, yale meno ya chuma ya chini ya buti.

Unavaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali? Nenda nayo dukani. Kuna fremu pana zenye nafasi pembeni kwa ajili ya mikono ya miwani ya ndani. Tikisa kichwa, kioo cha ndani kisigusane na cha nje.

Tuje kwenye hewa. Miwani nzuri ina matundu juu na chini, yamefunikwa sponji nyepesi au wavu. Hewa baridi inaingia chini, yenye joto inatokea juu. Hakikisha helmeti yako haizibi matundu ya juu. Kioo kiwe cha tabaka mbili zenye nafasi katikati. Cha tabaka moja, kama kile cha miwani ya bodaboda inayouzwa kando ya barabara ya Kasese kwenda Mpondwe, kinazuia vumbi vizuri sana, lakini kwenye baridi kitajaa ukungu mapema.

Unaweza kupima ukungu hata kwenye joto la Kasese. Mwombe mwenye duka aiweke miwani kwenye friji ya soda kwa dakika kumi. Itoe, ivae, ruka ruka kidogo, pumua kwa nguvu. Ukungu utakaoshika nje usikusumbue. Huo ni wa joto la mjini. Tazama wa ndani. Ukiondoka upesi wenyewe, hewa inapita. Ukikaa, rudisha miwani.

Lenzi ndiyo inayodanganya watu wengi. Giza si kinga. Lenzi nyeusi isiyozuia miale ni mbaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kuipokea miale mingi zaidi. Tafuta alama ya UV400 au maneno yanayosema inazuia miale yote ya urujuanimno. Polikaboneti huizuia karibu yote hata ikiwa haina rangi.

Vibandiko vya alama huchapishwa na yeyote, kwa hiyo pima. Bwera na Mpondwe mna bahati: mpakani pale wapo wabadilisha fedha wenye taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti. Omba utumie yao dakika moja. Weka noti chini ya taa uone alama zinazong'aa. Kisha ingiza lenzi kati ya taa na noti, na uitazame noti kutoka pembeni, si kupitia lenzi. Alama zikizimika, miale imezuiwa. Zikiendelea kung'aa, usinunue. Taa hiyo haipimi miale ya kila aina, kwa hiyo itumie kukataa miwani mibaya. Alama ya UV400 bado unaihitaji. Na usiikodolee taa yenyewe macho.

Kiwango cha giza huandikwa kwa herufi S na namba. S3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, S2 hupitisha 18 hadi 43, S1 hadi 80. Kama mfuko unaruhusu, chukua fremu yenye lenzi mbili za kubadilisha: S3 ya jua, S1 au S2 ya mawingu. Ukiweza moja tu, chukua S3 yenye rangi ya kahawia au chungwa. Rangi hizo hukuonyesha mabonde ya theluji vizuri kuliko kijivu. S4 ni ya jua kali kabisa, na haifai kuendeshea gari wala pikipiki. Jizoeze kubadilisha lenzi ukiwa na glavu, nyumbani, si juu ya barafu.

Unaitafuta kwenye mitumba? Bonyeza sponji, ikimeguka vidoleni, iache. Vuta mkanda uone kama lastiki bado inarudi. Ielekeze kwenye mwanga: ukiona ukungu au maji kati ya tabaka mbili za kioo, hiyo imekwisha, haisafishiki.

Ukishaipata, itunze. Ndani ya kioo usifute kamwe, hata kwa kitambaa laini. Kung'uta maji, halafu gusagusa tu. Usiipandishe kwenye paji la uso ukitoka jasho, maana mvuke wote utaingia ndani. Kwa kawaida unaondoka kambini saa nane au saa tisa usiku kwa tochi ya kichwani, kwa hiyo iweke kwenye mfuko wake ndani ya koti na uivae kunapokucha. Kambini ikaushe kwa joto la mwili, mbali na jiko.

Macho yakiungua hutajua papo hapo. Saa kadhaa baadaye, pengine umeshashuka kambi ya Kitandara au Hunwick's, yanaanza kuwasha kama yameingiwa mchanga, yanatoa machozi, hayavumilii mwanga. Usiyafikiche. Toa lenzi za machoni kama unazivaa, kaa gizani, weka kitambaa baridi. Mwambie kiongozi wako mapema, kwa sababu njia ya kushuka ina mawe na matope na atahitaji kukushika mkono. Kwa kawaida hupona kwa siku moja hadi tatu. Yasipopona, au ukiona kiza, nenda hospitali.

Beba miwani ya jua ya akiba, ile inayozunguka hadi pembeni mwa macho. Na ukipoteza miwani yote miwili barafuni, kata kipande cha boksi kinachofunika macho, kipasue mstari mwembamba kwa kila jicho, kifunge kwa kamba nyuma ya helmeti. Utaona kidogo, lakini utashuka unaona.