Usiulize "Lini" Peke Yake: Namna ya Kulifanya Swali la Bungeni Lizae Jibu

Bunge linapokaa Dodoma, shughuli huanza saa tatu asubuhi, na muda si mrefu baada ya dua kinafuata kipindi cha maswali. Mbunge anaitwa, anasimama, anaomba swali lake lijibiwe. Naibu Waziri anakwenda kwenye kipaza sauti: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali kama ifuatavyo." Dakika chache baadaye anaitwa mwingine. Mwananchi anayefuatilia redioni akiwa Kasulu au Newala anaweza kudhani hayo ni mambo ya waheshimiwa wenyewe kwa wenyewe. Lakini Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza iliyotajwa humo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali hilo linaulizwa kwa niaba yako, kwa hiyo unayo haki ya kulichangia na kulidai jibu lake.

Swali la msingi haliulizwi kwa kushtukiza. Mbunge huliandika na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge mapema, wiki kadhaa kabla ya kujibiwa, ili wizara ipate nafasi ya kutafuta taarifa kutoka mkoani na kwenye halmashauri. Kwa hiyo mwananchi anayetaka jambo lake lifike Dodoma asisubiri mkutano wa Bunge uanze. Mkutano wa Bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni. Aliye na jambo la kuulizwa humo alipeleke kwa katibu wa mbunge, kwenye ofisi ya jimbo, mwezi wa Februari au mapema zaidi, kwa maandishi.

Sasa tulitazame swali lenyewe, maana hapa ndipo mengi yanapoharibika. Ukisoma Hansadi, yaani taarifa rasmi ya majadiliano, utakuta maswali mengi yameandikwa kwa sura moja: "Je, ni lini Serikali itajenga kituo cha afya katika kata fulani?" Swali la namna hii linajenga mlango wa kutokea. Naibu Waziri atasema Serikali inatambua umuhimu wa huduma za afya, na itajenga kadri fedha zitakavyopatikana. Hajadanganya, hajaahidi, na mbunge hana pa kumshika.

Chukua mfano wa boma la zahanati. Wanakijiji wamechanga, wamefyatua tofali, wamesimamisha kuta hadi kwenye lenta, kisha wakakaa miaka wakisubiri Serikali imalizie. Yako maboma ya aina hii nchi nzima, na kila moja lina jasho la watu ndani yake. Ni haki wapate jibu lenye mwezi na kiasi. Basi mbunge wao asiulize lini tu. Aulize: je, boma hilo limo katika orodha ya maboma yanayomaliziwa mwaka huu wa fedha? Kama limo, limetengewa shilingi ngapi, na hadi sasa halmashauri imepokea kiasi gani? Kama halimo, ni vigezo gani vilivyotumika kuchagua yaliyoingia? Maswali haya yanajibika kwa tarakimu au kwa ndiyo na hapana, na Waziri akikwepa, kila msikilizaji anaona kwamba amekwepa.

Ili mbunge aulize hivyo, lazima kijiji kimpe vifaa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana walau kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari wake wenye mihuri na sahihi, unaoonyesha mwaka ambao ujenzi ulianza, fedha zilizochangwa na hatua iliyofikiwa, una uzito kuliko malalamiko ya mdomo mia moja. Ambatanisha picha. Taja jina la kijiji na kata kwa usahihi, kwa sababu vijiji vyenye majina yanayofanana ni vingi, na jibu linaweza kutolewa kuhusu kijiji cha wilaya nyingine.

Jambo jingine ni kujua mlango wa kubisha. Zahanati na shule za msingi ziko chini ya halmashauri, hivyo ujenzi wake hujibiwa na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wala si Wizara ya Afya au ya Elimu. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, chini ya wizara ya ujenzi. Za vijijini na mitaani ni za TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017, nayo iko chini ya TAMISEMI. Maji ya kijijini ni ya RUWASA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2019. Kabla ya kuandika chochote, soma hotuba ya bajeti ya wizara husika na majedwali yaliyoambatishwa mwishoni. Humo mradi wako unaweza kuwa umeshatajwa na kupangiwa fedha, na hapo swali linabadilika kabisa: fedha hizo zimekwenda wapi?

Kusikiliza jibu nako kuna ujuzi wake. "Upembuzi yakinifu" maana yake wataalamu wanachunguza kama mradi unafaa na utagharimu nini. Bado hakuna ujenzi. "Usanifu wa kina" ni hatua ya michoro na vipimo. "Zabuni imetangazwa" ni mbele kidogo. "Mkataba umesainiwa" ni habari nzuri, ila uliza kama mkandarasi amelipwa malipo ya awali, kwani bila hayo mitambo huchelewa kufika. Ama "mchakato unaendelea", "tunaendelea kulifanyia kazi" na "Serikali ni sikivu", hayo yasikuchangamshe. Hayana mwezi, hayana kiasi, hayana mtu wa kuwajibika.

Hapo ndipo swali la nyongeza linapopata thamani. Baada ya jibu la msingi, mwuliza swali hupewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na Spika anaweza kuwaruhusu wabunge wengine wachache kuuliza moja moja. Kwa maoni yangu, hizo ndizo dakika muhimu kuliko zote, kwa kuwa majibu yake hayasomwi kwenye karatasi iliyoandaliwa. Inasikitisha kuona mbunge anaitumia nafasi hiyo kushukuru kwa urefu, kisha anarukia barabara isiyohusiana na swali lake. Mbunge makini hushika neno moja la Naibu Waziri na kulibana: umesema fedha zitatolewa robo ya pili; je, uko tayari kuja jimboni Januari tukaangalie pamoja?

Alhamisi kuna utaratibu wa pekee. Kwa nusu saa Waziri Mkuu huulizwa maswali ya papo kwa papo, bila kupewa taarifa kabla. Nafasi hiyo inafaa mambo ya sera yanayogusa nchi nzima, kama bei za pembejeo au ajira za walimu. Kupeleka huko swali la zahanati ya kijiji kimoja ni kuipoteza nafasi.

Wakati wa bajeti upo wenzo mzito zaidi, nao watu huusikia bila kuelewa: kushika shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya wizara, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza kutoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa Waziri. Shilingi yenyewe haimpunguzii mtu kitu, ila hoja hiyo inafungua mjadala na kumlazimu Waziri asimame tena mbele ya wenzake kutoa maelezo ya kutosha. Mbunge wa chama tawala naye huutumia wenzo huu bila kuonekana amekiasi chama chake. Udhaifu wake ni kwamba wengi huirudisha shilingi mapema mno, kwa ahadi ya "tutakaa tulizungumze". Mwulize mbunge wako alirudisha kwa sharti gani.

Jibu likishatolewa, litafute kwenye Hansadi katika tovuti ya Bunge. Chukua namba ya swali, tarehe na maneno yenyewe yalivyo. Jibu la Waziri si amri wala si sheria; halitoi fedha Hazina. Lakini ni kauli ya Serikali iliyowekwa kwenye kumbukumbu, na Kanuni za Bunge zinakataza kusema uongo bungeni. Mbunge anayeona taarifa si sahihi anaweza kumwomba Spika aingilie, na imeshatokea Spika kuagiza swali likajibiwe upya.

Kwa wasomaji wa Zanzibar, kumbukeni kwamba afya, maji na elimu ya msingi si mambo ya Muungano. Maswali hayo yanakwenda Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Kwa Wakenya, Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri kwenye viti vya ubunge, na kwa miaka mingi maswali yakapitia kwenye kamati. Tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika mbele ya Bunge la Taifa na Seneti kujibu.

Na kwa kila mwenye halmashauri yake, baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Mbunge ni mjumbe wa baraza hilo. Nenda na nakala ya jibu lililotolewa Dodoma, mpe diwani wako kabla ya kikao, amwulize mkurugenzi: fedha alizozitaja Naibu Waziri zimeingia kwenye akaunti ya halmashauri, ndiyo au hapana? Kama ni hapana, tarehe na namba ya swali la kwanza zirudi kwa katibu wa mbunge wiki hiyo hiyo, kabla dirisha la maswali ya mkutano unaofuata halijafungwa.