Tuijue Imani ya Jirani: Misingi ya Ukristo

Shuleni mnakaa dawati moja na Wakristo. Je, mwaijua imani yao?

Mkristo huamini Mungu mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kitabu chake ni Biblia. Huingizwa kanisani kwa ubatizo wa maji. Msalaba humkumbusha kifo cha Yesu, kinachoadhimishwa Ijumaa Kuu. Pasaka ni sikukuu ya kufufuka kwake.

Hapo twatofautiana. Sisi twaamini Nabii Isa (a.s.) ni Mtume, mwana wa Maryam, wala hakusulubiwa (4:157). Lakini msimzulie Mkristo asiyoyasema, wala msiudhihaki msalaba wake. Qur'ani (29:46) yatuamrisha tujadiliane kwa njia iliyo bora. Mwenye hoja hahitaji matusi.