SOMO LETU: Priampu Ndani ya Gitaa la Besi – Je, Pesa za Kikundi Zimefanya Kazi?



Siku hizi vikundi vingi vya vijana vinajipatia riziki kwa kupiga muziki harusini, kwenye harambee na sherehe za shule. Kwa hivyo somo letu leo si la kuku wala la mboga. Ni la gitaa la besi. Lakini ninyi akina mama wa kikundi cha ufinyanzi, msikimbilie ukurasa mwingine. Swali lililo ndani ya somo hili ni lenu pia: tukinunua kifaa cha kuboresha kitu tulicho nacho, tutajuaje kama kimekiboresha kweli?

Mmoja wenu asome kwa sauti, pole pole, na wengine wasikilize.

KISA

Kikundi kimoja cha vijana ninachokitembelea kilikuwa na besi ya mitumba yenye nyuzi 4. Malalamiko yalikuwa yale yale kila mara: ukumbini besi inasikika, lakini uwanjani inamezwa na ngoma. Na ninyi mnajua, benga bila besi ni chai bila majani. Fundi akawaambia dawa yake ni priampu. Wakatoa karibu nusu ya akiba yao, ikanunuliwa, ikafungwa.

Harusi ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili ilikuwa wiki nne baadaye. Siku hiyo besi ilianza kukwaruza kama redio iliyokosa stesheni, kisha ikanyamaza kabisa kabla keki haijakatwa. Wenye harusi wakakataa kumaliza malipo. Kwenye mkutano, mwenyekiti akamlaumu fundi. Mpiga besi akamlaumu mweka hazina, eti alinunua kitu cha bei rahisi. Wanachama wawili wakasema wapewe pesa zao watoke.

Nilipoitwa, niliomba nionyeshwe mahali besi inapokaa kati ya sherehe na sherehe. Ilikuwa stoo, imeegemezwa ukutani, kebo bado imechomekwa. “Hukaa hivyo tu,” wakaniambia. Kumbe jibu lilikuwa hapo. Tutalifikia.

Mimi si fundi. Haya ninayowaandikia nimeyapata kwa kuketi karibu na mafundi wa redio na kuuliza maswali mengi.

1. BESI HUTOA SAUTI NAMNA GANI?

Besi ya umeme haina tumbo kubwa la mbao kama gitaa la kawaida. Chini ya nyuzi kuna pikapu. Msifikirie lile gari la kubeba kabichi! Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana hutokea katika waya huo. Umeme hupita kwenye vidude vya kuzungusha vya kuongeza na kupunguza sauti, ambavyo mafundi huviita poti. Kutoka hapo huenda kwenye jeki, kwenye kebo, mpaka kwenye amplifaya. Besi ya Fender Precision iliyotoka Marekani mwaka 1951 ilikuwa hivyo, na besi nyingi mpaka leo ni hivyo. Hazina betri.

Shida ni kwamba umeme huu ni mnyonge. Kebo ikiwa ndefu, inameza zile sauti nyembamba za juu zinazofanya kila noti isikike wazi. Kinachobaki ni mngurumo tu.

2. PRIAMPU NI NINI?

Ni saketi ndogo inayofungwa ndani ya besi yenyewe na kutumia betri ya volti 9. Ina kazi mbili. Ya kwanza, inaupa umeme wa pikapu nguvu ya kuvuka kebo bila kudhoofika. Ya pili, inampa mpigaji poti za kuongeza au kupunguza sauti nene na sauti nyembamba, na nyingine zina poti ya sauti za katikati pia. Besi isiyo na betri inaweza kupunguza tu, haiwezi kuongeza. Mwaka 1976 kampuni ya Music Man ilitoa besi ya StingRay ikiwa na priampu tangu kiwandani, na baadaye wengi wakafuata.

Lakini sikieni vizuri. Priampu haiongezi wati za amplifaya yenu. Haifufui nyuzi zilizochoka. Na mkiwa na spika ndogo, mkaongeza sauti nene mpaka mwisho, mtaipasua hiyo spika.

3. KABLA YA KUTOA PESA

Fanyeni haya kwanza:

(a) Nyuzi. Kama zina kutu na uchafu wa miezi mingi, wekeni mpya. Nyuzi kuukuu hazina sauti za juu za kukuzwa.

(b) Poti. Zikikwaruza mnapozizungusha, zipulizieni dawa ya kusafisha vifaa vya umeme.

(c) Pikapu. Ikiwa mbali na nyuzi, iinueni kidogo kwa bisibisi. Msiipandishe mno, kwa sababu sumaku huvuta nyuzi na noti hupotoka.

(d) Kebo. Pigeni wimbo mmoja kwa kebo fupi ya mita 3, halafu kwa ile ndefu mnayotumia uwanjani. Kama kwa ndefu sauti inafifia, priampu ina kazi ya kufanya. Kama hamsikii tofauti, basi tatizo huenda liko kwenye spika au mahali mnapoiweka.

Vijana wetu hawakuwa wamefanya hata moja. Walianza na dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

4. KUIFUNGA

Mnahitaji: chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40, lehemu ya mafundi wa redio (si ile ya mabati, dawa yake hula nyaya), bisibisi, kisu cha kumenya waya, mita ya umeme, na jeki ya stirio yenye miguu 3. Lehemu nyingi zina madini ya risasi. Fanyeni kazi penye hewa, watoto wakae mbali, na mnawe mikono kabla ya kushika ugali.

Hatua ya 1. Chomoeni besi kwenye amplifaya. Fungueni kifuniko cha nyuma. Pimeni kwanza kama priampu na betri zitaenea humo ndani. Vijana wengine wamenunua, kumbe shimo ni dogo, ikabidi waanze kuchonga mbao.

Hatua ya 2. Pigeni picha kwa simu, tena chora kwenye daftari kila waya unatoka wapi na unaenda wapi. Bandikeni karatasi kwenye kila waya kabla ya kuukata. Vitu vya zamani vyote vitieni kwenye bahasha, mweka hazina aitunze. Siku mkiuza priampu, mtarudisha besi ilivyokuwa.

Hatua ya 3. Fuateni mchoro uliokuja na priampu yenu, kwa maana rangi za nyaya hutofautiana. Mara nyingi pikapu huenda kwenye poti ya sauti, poti kwenye mlango wa kuingilia wa priampu, na mlango wa kutokea kwenye ncha ya jeki. Kwa pikapu zisizo na betri, poti hiyo huwa ya kilo-omu 250 au 500. Ile ya kilo-omu 25 ni ya pikapu zenye betri. Mkiiweka hapo, sauti itafifia.

Hatua ya 4. Waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi, uunganishe pikapu, poti, priampu, mguu wa ardhi wa jeki, na kile chuma kinachoshika nyuzi. Msiuache huo wa mwisho. Mkigusa nyuzi na mlio wa “mmmm” ukapungua, mjue umeunganishwa.

Hatua ya 5. Sasa betri. Waya mwekundu huenda kwenye priampu. Mweusi huenda kwenye mguu wa katikati wa jeki ya stirio. Hii ndiyo swichi yenyewe! Kebo ya kawaida ikichomekwa, inaunganisha mguu huo na ardhi, na priampu inawaka. Kebo ikichomolewa, inazimika. Angalieni msigeuze betri: priampu nyingine huungua mara moja.

Hatua ya 6. Muombeni fundi aweke swichi ndogo ya miguu 6 ya kuiruka priampu, ili sauti ya pikapu iende moja kwa moja kwenye jeki. Hata betri ikifa katikati ya harusi, mtaendelea kupiga. Swichi hiyo hiyo itatusaidia kupima.

Jambo la usalama: priampu haimkingi mtu na umeme. Amplifaya au jenereta isiyo na ardhi nzuri inaweza kurusha umeme mpaka kwenye nyuzi. Mpigaji akihisi kuwashwa vidoleni au mdomoni anapogusa maikrofoni, asimame hapo hapo, umeme uzimwe, fundi aitwe.

5. KUIPIMA BILA UPENDELEO

Mtu akishatoa pesa, masikio yake hutaka kuamini. Tena sauti kubwa kidogo huonekana nzuri zaidi hata kama ni ile ile. Kwa hivyo fanyeni hivi:

– Poti za priampu ziwe katikati, bila kuongeza wala kupunguza.

– Linganisheni ukubwa wa sauti, priampu ikiwa ndani na ikiwa imerukwa. Muwe makini hapa kuliko mahali pengine.

– Wasikilizaji watatu wageuke wasione. Mpigaji awe mmoja, wimbo uwe mmoja.

– Mtu wa swichi arushe sarafu. Kichwa ni priampu, upande mwingine ni bila. Aandike kila raundi kwa siri. Fanyeni raundi 10, na kila msikilizaji aandike jibu lake bila kunong'onezana.

– Hesabuni. Anayebahatisha hupata kama 5 kati ya 10. Anayepata 9 au 10 anasikia tofauti kweli. Hapo ndipo mumuulize: ipi inatufaa?

Msitegemee kurekodi kwa simu. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti nene namna hiyo. Tena simu nyingi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe.

Baadaye rudieni uwanjani, ngoma zikipigwa, kwa ile kebo ndefu. Sikilizeni pia kama kuna mchakato wa “shhh”, na kama noti zinakwaruza mpigaji anapotia nguvu.

6. BETRI NI MALI YA KIKUNDI

Pimeni kwa mita priampu inakula miliampea ngapi. Ondoeni upande mmoja wa kifungo cha betri, mita iwekwe katikati, kebo ikiwa imechomekwa. Betri nzuri ya alkalaini ya volti 9 ina takriban miliampea-saa 500. Priampu ikila miliampea 1, itadumu kama saa 500. Saa 500 ni siku 21, si ndio? Halafu chomoeni kebo: mita isome sifuri. Isiposoma sifuri, jeki imeunganishwa vibaya.

Sasa mnaona kilichowapata vijana wetu. Wiki nne ni siku 28. Kebo haikuchomolewa tangu harusi ya kwanza, na priampu ilikuwa ikila usiku na mchana, hata watu wakilala. Fundi hakuwa na kosa, wala mweka hazina. Hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyeuliza.

Wekeni sheria tatu: kebo ichomolewe kila baada ya kupiga; betri ipimwe kabla ya kila sherehe, na ikiwa chini ya volti 7.5 ibadilishwe, betri mpya ya akiba iwe kwenye mfuko wa gitaa.

KISA KILIISHAJE?

Tulinunua betri moja tu na besi ikaamka. Fundi akaongeza ile swichi, nasi tukafanya jaribio la sarafu. Kwa kebo fupi ukumbini, wasikilizaji walikuwa wanabahatisha tu. Uwanjani, kwa kebo ndefu, wote watatu waliitambua priampu karibu kila raundi, na wakaipenda. Halafu tukaweka nyuzi mpya. Hapo hatukuhitaji sarafu: hata mama aliyekuwa akipita na maji aligeuka. Mwenyekiti akasema polepole, “Tungeanza na nyuzi.”

Pesa za harusi ile hazikurudi. Lakini wale wawili hawakutoka, na mpiga besi alimwomba mweka hazina msamaha mbele ya wote. Priampu ilikuwa na faida, ila ndogo kuliko waliyoahidiwa. Leo wanajua ni faida gani, na wapi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni kifaa gani tumenunua kwa pesa za kikundi bila kupima hali ilivyokuwa kabla?

2. Kitu kikiharibika, sisi humtafuta mkosaji au hutafuta chanzo?

3. Katika kazi yetu, “nyuzi mpya” ni nini: kile kitu rahisi tulichopaswa kuanza nacho?

4. Nani kati yetu atashika daftari la vifaa, aandike tarehe ya kununua, hali ya awali na matokeo?

Mkishajadiliana, andikeni mliyokubaliana katika kitabu cha mikutano, na tarehe ya kuangalia kama mmeyafanya.