Hesabu ya Maji Tumboni

Tuwaze benchi la kituo cha afya huko Musonoi, pembeni mwa Kolwezi, asubuhi na mapema. Wamekaa wagonjwa wanne. Wa kwanza ni kijana mchimbaji, anahara maji matupu tangu usiku. Wa pili ni mtoto wa miaka mitatu mwenye homa. Analia kila anapokwenda haja, na choo chake kina damu. Wa tatu ni baba aliyetoka matangani jana: alikula bukari na nyama iliyolala, na baada ya saa 3 tu akaanza kutapika, yeye na wenzake watano. Wa nne ni mama aliyekonda, huu mwezi wa pili anahara. Ukiwauliza wanaumwa nini, wote watakujibu: tumbo linaendesha. Kazi ya mganga ni kusikia magonjwa manne ndani ya jibu hilo moja.

Tuanze na tumbo zima. Mtu mzima huingiza kama lita 2 za maji kwa siku kwa kula na kunywa. Juu ya hizo, mwili wenyewe humimina utumboni lita nyingine 7 hivi: mate, maji ya tumbo, nyongo na mengineyo. Jumla ni lita 9, karibu nusu ya bido la lita 20. Ila yanayotoka chooni hayajazi hata glasi, kwa sababu yaliyobaki yote yamefyonzwa na kurudi damuni. Kuhara, basi, ni hesabu iliyoharibika: ama yanayomiminwa yamezidi, ama yanayofyonzwa yamepungua. Kwa kila mgonjwa tuulize hesabu imeharibikia wapi.

Kwa kijana mchimbaji tunahofia kipindupindu. Mto Musonoi huingia Lualaba, na Lualaba hushuka hadi Bukama na maziwa ya Upemba, ambako ugonjwa huu hurudi mara kwa mara. Vijidudu havipandi mto, lakini wavuvi na wachuuzi hupanda na kushuka. Bakteria ya kipindupindu haitoboi ukuta wa utumbo. Hutoa sumu inayoziacha seli za ukuta zikimwaga chumvi bila kukoma, na chumvi inapokwenda maji huifuata. Kata nyanya, inyunyizie chumvi, ngoja kidogo: sahani imejaa maji. Kwa kuwa hakuna kidonda, hakuna damu, na kwa kawaida hakuna homa. Choo hufanana na maji yaliyooshewa mchele, na mgonjwa mahututi aweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Kinachoua ni ukavu. Finya ngozi ya tumbo lake kisha uachie: ikichukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, na macho yamezama, huyo hana muda wa kusubiri maabara.

Hata hivyo sumu hiyo imesahau mlango mmoja. Katika seli zilezile kuna njia inayopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, nayo hubaki wazi. Ndiyo siri ya SRO, chumvi za kunywa za kurudishia mwili maji: gramu 13.5 za glukozi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na sitrati na potasiamu, katika lita 1 ya maji. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliitumia dawa ya namna hii kwa wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, na vifo katika kambi vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Pakiti zikikosekana, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji salama vitasaidia. Aliyeishiwa nguvu za kunywa anahitaji maji ya mshipa.

Kwa mtoto, ukuta wenyewe umevunjwa. Bakteria ya shigela huingia ndani ya seli za utumbo mpana na kuziua, ndiyo maana kuna damu, kamasi na homa. Choo ni kidogo kidogo lakini kila mara. Vijidudu visivyofika 100 vyatosha kumwambukiza mtu, kwa hiyo mkono mmoja usionawa waweza kuangusha nyumba nzima. Huyu anahitaji antibiotiki pia. Lakini damu isitufunge macho: Kikwit mwaka 1995, Ebola ilidhaniwa kwanza kuwa ni kuhara damu. Wauguzi wanapoanza kuugua mmoja baada ya mwingine, fikiri upya.

Kwa baba wa matangani, shahidi ni saa. Ndani ya saa 3 vijidudu haviwezi kuingia, kuzaana na kuugusa mwili kiasi hicho. Sumu ilikwisha kutengenezwa sufuriani, mara nyingi na bakteria ya stafilokoka iliyotoka kwenye kidonda cha mkono wa mpishi. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa, basi kupasha nyama moto hakukusaidia. Na kama kutapika kungeanza ndani ya saa moja, baada ya kunywa kitu kichachu kilichokaa katika chombo cha shaba, tungeishuku shaba yenyewe. Katika nchi ya migodi hilo ni la kukumbuka, kwani moto huua kijidudu lakini hauondoi madini.

Mama wa mwisho amepita siku 14, na hapo swali linageuka: si kijidudu gani tu, bali mlinzi yuko wapi? Kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu humsumbua mwenye afya wiki moja au mbili, kisha kinga hukifukuza. Virusi vya sida vikiwa vimemaliza askari wa mwili, mgeni huyo hahami. Mwaka 1985 madaktari walieleza ugonjwa wa kukonda na kuhara huko Rakai, Uganda, ambao watu waliuita Slim, nao ulikuwa sida. Mama huyu apimwe virusi, maana dawa za kurudisha kinga ndizo zitakazomfukuza mgeni. Maji yake yachemshwe: klorini ya kawaida haikiwezi kijidudu hiki, moto unakiweza.

Maswali ni manne: choo kikoje, tangu lini, alikula nini na saa ngapi, na kinga yake ikoje. Yaulizwe yote, lakini kikombe cha SRO kiwe tayari mkononi mwa mgonjwa. Jina la ugonjwa laweza kungoja hadi jioni, maji hayangoji.